MAMBO YA NYUMBANI: Kinanda cha Mfukoni



Mwalimu mmoja alitujia jioni, ameshika kijisanduku kidogo cha kutosha kiganjani, akasema, "Ndugu zangu, nimenunua kitu hiki juzi, na leo kimekufa. Nakibonyeza pote, hakijibu. Je, nimeibiwa?" Tukakipokea, tukakigeuza, tukaona ubavuni kitufe kidogo cha kusukuma, kile ambacho kazi yake ni kufunga vitufe vingine visibonyezwe mfukoni kwa bahati mbaya. Tukakirudisha mahali pake, na mara kile kijisanduku kikawaka, kikaimba. Mwalimu akacheka sana, kwa maana alikuwa karibu kukitupa.

Sisi tulicheka naye, lakini si kwa moyo wote. Kitu cha namna ile ile kilikwisha kutupotezea katika nyumba yetu mali isiyonunuliwa tena. Habari hiyo tutaisimulia mahali pake. Kwanza twataka kueleza kitu chenyewe, jinsi kinavyonunuliwa, jinsi kinavyotumiwa, na la kufanya kinapogoma, ili msomaji asipatwe na yaliyotupata.

NI KITU GANI

Wazee wetu waliita santuri kinanda. Basi na hiki, ambacho wauzaji hukiita MP3, sisi twakiita kinanda cha mfukoni. Hakina sahani wala utepe. Ndani yake nyimbo zimeandikwa kwa tarakimu tupu. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na mtikisiko waweza kupimwa. Katika sahani za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, kila sekunde moja ya sauti hupimwa mara 44,100, na kila kipimo huandikwa. Kwa hiyo dakika moja ya muziki hula nafasi ya megabaiti kama 10, nayo ni nafasi kubwa.

Ndipo wataalamu wa Ujerumani, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg, wakatafuta njia ya kupunguza mzigo huo. Waliona kwamba ngoma kubwa inapolia, sikio halisikii kinong'ono kilicho karibu nayo. Basi kwa nini kukiandika kinong'ono hicho? Wakaacha yale yasiyosikika, wakaandika yale yasikikayo, na dakika iliyohitaji megabaiti 10 ikaweza kutosha katika megabaiti 1. Namna hiyo ya kuandika ndiyo MP3, na jina hilo walilichagua mwaka 1995.

Mwaka 1998 kampuni ya Saehan ya Korea ya Kusini ilitoa kinanda cha kwanza cha namna hii kuuzwa madukani, jina lake MPMan. Mwaka huo huo Marekani wakaanza kuuza Rio PMP300, chenye megabaiti 32, yaani nafasi ya muziki wa nusu saa hivi. Tarehe 23 Oktoba 2001 kampuni ya Apple ikaonyesha iPod, chenye gigabaiti 5, nafasi ya nyimbo kama 1,000. Kikapendwa duniani kote kwa miaka mingi. Lakini tarehe 10 Mei 2022 Apple wakatangaza kwamba hawataendelea kukitengeneza, maana simu zilikwisha kutwaa kazi yake. Kwa hiyo anayenunua iPod leo ajue kwamba ananunua kitu cha zamani, na mara nyingi kimekwisha kutumiwa na mwingine.

Msomaji atauliza, "Ikiwa simu zaimba, kinanda ni cha nini?" Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba simu ni kama njia panda, kila mtu hupita hapo. Mtoto apewaye simu asikilize hadithi, mara hukutana na picha na ujumbe ambao mzazi hakuukusudia. Kinanda cha kawaida hakipigiwi wala hakiletewi barua. Mwalimu aweza kukitumia darasani kwa masomo ya lugha na nyimbo, na mtu wa kwaya aweza kurudia sauti yake jikoni bila kumaliza umeme wa simu. Ni chombo cha kazi moja, na kazi hiyo hukifanya vizuri.

KUKINUNUA

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya vinanda neno hili ni kweli tupu. Mnunuzi aangalie mambo manne.

La kwanza, nafasi. Kinanda cha gigabaiti 8 chaweza kubeba sauti ya saa kama 130 kwa namna ya MP3 ya kawaida. Nyumba nyingi hazihitaji zaidi ya hapo. Tena usigombane na muuzaji ukiona kompyuta yasema 7.4 mahali pa 8. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, na kompyuta nyingi huihesabu kuwa 1,073,741,824. Hapo hapana wizi, ni vipimo viwili tu, kama pishi ya duka hili na pishi ya duka lile.

La pili, waya. Uliza kinanda chatumia waya gani, na kama waya huo wapatikana kwenu. iPod nyingi za zamani zatumia waya wa peke yake, tena hujazwa nyimbo kwa programu ya Apple. Vinanda vingine vingi hufunguka katika kompyuta kama flashi, nawe wanakili nyimbo moja kwa moja. Kwa mtu asiye na kompyuta yake mwenyewe, hivi vya pili ndivyo rahisi.

La tatu, betri. Kikiwa cha mkono wa pili, usiridhike kukiona kinawaka. Kiache kiimbe pale dukani wakati wewe unatazama vitu vingine. Betri iliyochoka husema imejaa, kisha huzima baada ya nyimbo chache. Na ukiona mgongo wa kinanda umevimba au kioo chake kimeinuka, usikinunue hata kwa bei ya bure, kwa sababu betri iliyovimba yaweza kushika moto.

La nne ni kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililotupata sisi. Wako wauzaji wa vinanda na memori kadi ambao nafasi iliyoandikwa nje si nafasi iliyomo ndani. Kitu ni cha gigabaiti 8, lakini kimefundishwa kuiambia kompyuta, "Mimi ni 64." Kompyuta huamini. Unanakili nyimbo, nayo majina yake yote huonekana yamepangwa vizuri. Lakini nafasi ya kweli ikiisha, zile zinazofuata huandikwa juu ya zilizotangulia, au hutupwa mahali pasipo kitu. Jina labaki, sauti haipo.

YALIYOTUPATA

Mama yetu mzazi alipokuwa mgonjwa, tuliketi naye jioni nyingi tukimwomba atusimulie habari za utoto wake, jinsi walivyohama, jinsi alivyoanza shule akiwa mkubwa, na nyimbo walizoimba wakitwanga. Tulizinasa sauti hizo kwa simu, yapata saa tatu kwa jumla. Kisha tukaazima kompyuta, tukazihamisha kutoka simu, tukanunua sokoni kinanda kilichoandikwa 64, tukakijaza. Nyimbo za kwaya tulizitia kwanza, nazo zilikuwa nyingi sana. Sauti ya mama tuliitia mwisho.

Tukakijaribu. Lakini tulijaribu namna gani? Tulisikiliza nyimbo mbili tatu za mwanzo, zikalia vizuri, tukafurahi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tulisimama mlangoni. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya watu, tulifuta kila kitu kabla ya kuirudisha. Simu nayo tulikuwa tumekwisha kuifuta ipate nafasi.

Mama akafariki. Baada ya siku za msiba, ndugu wakaomba kusikia sauti yake. Tukalitafuta jina, likaonekana. Tukabonyeza, kinanda kikanyamaza. Tukabonyeza la pili, kimya. Fundi alipokipima, alikuta nafasi ya kweli ni gigabaiti 8. Sauti ya mama haikuwahi kuingia hata siku moja.

Katika saa tatu zile zilibaki dakika saba. Dada yetu, akaaye mbali, alikuwa ameomba kipande kimoja kwa simu siku ile ile tuliyokinasa, tukampelekea bila kufikiri sana. Basi kipande kilichotolewa kwa mwingine ndicho kilichopona, na vile tulivyovikusanya mahali pamoja ndivyo vilivyopotea. Yule muuzaji alikosa, hatusemi hakukosa. Lakini kufuta kabla ya kuhakikisha lilikuwa kosa letu wenyewe.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Ukinunua kinanda au memori kadi mpya, usitie kwanza kitu upendacho. Kijaze mpaka mwisho kwa vitu visivyo na thamani, kisha kichomoe, kichomeke tena, uvirudishe katika kompyuta na kuvifungua, vya mwanzo, vya kati na vya mwisho. Iko programu iitwayo H2testw ifanyayo kazi hiyo yenyewe: huijaza nafasi iliyo tupu, huisoma tena, na kusema kama yaliyosomwa ni sawa na yaliyoandikwa. Kazi hii yaweza kuchukua saa kadhaa, na hasara yake ni usingizi tu.

Tena, kinanda si ghala. Ni kikapu cha kuchukulia. Ghala iwe mahali pengine, nazo ziwe ghala mbili: moja katika kompyuta au flashi iliyowekwa sandukuni, na moja katika nyumba nyingine, kwa ndugu au rafiki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi andika pia katika karatasi ni sauti gani ziko wapi.

KUKITUMIA

Unapomaliza kunakili, usinyofoe waya kwa ghafula. Kompyuta yaweza kuwa bado yaandika, hata kama kioo chaonyesha imekwisha. Iambie kwanza kwamba wataka kukitoa, ngoja ikuruhusu, ndipo uchomoe. Faili nyingi zimeharibika kwa haraka hii ndogo.

Majina ya faili yaanze kwa tarakimu mbili: 01, 02, 03, hata 10 na kuendelea. Ukiandika 1, 2, 3 bila sifuri, vinanda vingine huiweka 10 kabla ya 2, na masomo ya mwalimu huchanganyikana. Tena vinanda vingine vya bei ndogo hufuata utaratibu wa kunakiliwa, si wa majina. Basi nakili kwa mpango.

Betri ya ndani ni ya lithiamu, namna ile iliyowapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Adui yake mkuu ni joto. Usikiache kinanda juani dirishani wala ndani ya gari lililofungwa. Usingoje kila mara kiishe kabisa ndipo ukichaji. Na ukitaka kukiweka miezi mingi bila kukitumia, kiache na nusu ya chaji, mahali penye ubaridi na pakavu.

KIKIGOMA

Kisipowaka, fanya kwanza kama tulivyofanya kwa yule mwalimu: tazama kitufe cha kufungia. Kisha kichaji nusu saa, maana betri iliyoisha kabisa huchelewa kuonyesha dalili.

Kikiganda, yaani kioo chawaka lakini vitufe havijibu, bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia kwa sekunde 20 hivi. Vingi huzima na kuanza upya, na nyimbo hazipotei. Kwa iPod Classic, sukuma kitufe cha kufungia kwenda na kurudi, kisha bonyeza pamoja Menu na kile cha katikati mpaka ionekane alama ya tofaa.

Kompyuta isipokiona, shuku waya kabla ya kukishuku kinanda. Waya kamili wa USB wa kawaida una nyuzi nne ndani: mbili za umeme na mbili za kupitisha habari. Nyaya nyingine za bei ndogo zina zile mbili za umeme tu. Hizo huchaji, lakini hazinakili. Jaribu waya mwingine, kisha tundu jingine la kompyuta.

Sikio moja likinyamaza, jaribu spika nyingine za masikioni. Zikilia vizuri pande zote mbili, ugonjwa ulikuwa katika zile za kwanza, na mara nyingi waya hukatika karibu na ncha ya kuchomeka. Nazo zikinyamaza vile vile, tazama tundu la kinanda kwa taa. Manyoya ya mfukoni hujikusanya humo. Yatoe kwa kijiti kikavu cha mti, polepole, kinanda kikiwa kimezimwa. Usitumie sindano.

Wimbo mmoja ukikataa na nyingine zaimba, huenda umeandikwa kwa namna ambayo kinanda hakiijui. MP3 hujulikana karibu na vyote, lakini WMA, M4A na FLAC havijulikani na kila kinanda. Tena nyimbo ulizozipakua ndani ya programu za kusikilizia za kulipa kwa mwezi zimefungwa kwa programu hizo, wala haziwezi kuhamishwa kwenda kwingine.

Hayo yote yakishindikana, dawa ya mwisho ni kukifomati, yaani kukisafisha kama kilivyotoka kiwandani. Dawa hiyo hufuta kila kitu. Kwa hiyo kabla ya kuibonyeza jiulize, "Nakala yangu iko wapi?" Ukikosa jibu, ondoa mkono.

MASIKIO

Neno la mwisho ni la masikio, hasa ya watoto. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa salama hata saa 40 kwa juma. Ikifika 90, muda huo huwa saa 4 tu. Ikifika 100, dakika 20. Sikio lililochoka halilii kama jino. Vinyweleo vidogo vya ndani vipokeavyo sauti vikifa, havioti tena.

Kipimo chepesi ni hiki: sauti isipite sita katika kumi za uwezo wa kinanda. Na mtoto akiwa amevaa spika, mwite kwa sauti ya kawaida ukiwa karibu naye. Asipokusikia, sauti ipunguzwe. Mtu atembeaye barabarani atoe spika masikioni, au aache sikio moja wazi, maana gari halingoji wimbo uishe.

Basi, wapenzi wasomaji, yule mwalimu alirudi juma lililopita. Alisema amewanasa wanafunzi wake wakiimba siku ya kuaga shule, na kwamba kinanda kimekaa vizuri. Tukamwuliza, "Nakala iko wapi?" Akajibu, "Moja katika kompyuta ya shule, moja kwa mke wangu, moja kwa mzazi mmoja." Tulifurahi kuliko tulivyofurahi siku kilipowaka.

Zile dakika saba za mama twazo mpaka leo, nazo ziko katika nyumba nne. Anasimulia jinsi walivyovuka mto wakati wa masika, na katikati anakohoa, anaomba maji. Zamani tulitaka kuikata sehemu ile ya kikohozi. Sasa hatuikati.

Nawe uliye na mzee nyumbani, mnase sauti leo, na leo hii hii umpelekee ndugu yako kipande. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaeleza namna ya kuhifadhi picha za zamani zisiliwe na mende.

Kwaherini.